Friji ya mvinyo imeingia nyumbani, mavyaa hataki kuiona

Somo, asalaam alaykum.

Mie ni mama wa watoto watatu, nakaa Fuoni. Jina langu naomba lisitoke, na hoteli anayofanyia kazi mume wangu sitaitaja, maana kisiwa hiki watu tunajuana.

Mume wangu yuko hotelini miaka mingi, kule kusini. Alianza kwa kuosha vyombo, akapanda akawa mhudumu wa mezani, sasa ndiye mkuu wa wahudumu. Anakuja nyumbani siku moja kwa wiki, analala, anarudi. Kazi yake nilikuwa naijua kwa juu juu: wageni wanakula, yeye anawapelekea. Kwamba anawapelekea na ulevi nilijua, kama anavyojua kila mke wa mfanyakazi wa hoteli hapa Zanzibar, lakini tulikuwa hatulisemi. Mwenyewe hanywi, hajawahi kunywa, na sala zake anasali.

Mwaka huu wakubwa wake wamemwambia wanataka awe msimamizi wa mvinyo, yaani mtu anayejua chupa ipi inakwenda na chakula gani, inawekwa wapi, inafunguliwa vipi. Mshahara utapanda na mafunzo watamlipia wao. Alifurahi sana. Na mie nilifurahi kwa ajili ya mshahara, sikuuliza zaidi.

Ndipo ikaja hiyo friji. Ijumaa baada ya sala gari ya mizigo ilisimama mlangoni, wakateremsha friji nyembamba, nyeusi, mlango wa kioo, ndani ina rafu za mbao zilizochongwa mabonde ya kulazia chupa. Ni mtumba, kaipata mjini kwa laki sita. Na hizo laki sita, Somo, ni za upatu wangu. Zamu yangu ilikuwa imefika, nikampa anitunzie mpaka nipate friza ya biashara yangu ya juisi. Anasema atanirejeshea akianza kupata mshahara mpya.

Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, anaishi nasi. Ni mtu mzima, mcha Mungu, watoto wa mtaa wanasoma kwake Kurani barazani kila jioni. Tena ana kisukari, anachoma insulini. Alipoiona friji aliuliza ya nini. Mume wangu akamjibu ya kuwekea vinywaji. Lakini mwanangu mkubwa, yuko sekondari, akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni: "Bibi, hapa wameandika ya waini." Toka siku hiyo bi mkubwa hapiti tena sebuleni, anazungukia uani. Anasema sala yake haitasihi kwenye nyumba yenye chombo kile, na kwamba ile hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi inamtaja na anayeubeba. Ikiingia chupa moja, kasema, yeye atahamia kwa binti yake Wete.

Mume wangu anasema anataka chupa chache tu za kujifunzia, asome lebo, azoee joto la kila aina, kwa sababu hotelini hapati nafasi. Halafu kaniambia pia kwamba kuna wenye nyumba za kukodisha watalii wanaotaka awawekee mvinyo na kuwahudumia wageni wao siku yake ya mapumziko.

Kwa sasa friji haina chupa hata moja ya ulevi. Nikaona inakula umeme bure, basi nikaanza kuitumia. Friji yetu ya jikoni ni ya zamani, nyuma inagandisha, mbele haipoi, na watoto wanaifungua kutwa. Nikahamishia humo insulini ya bi mkubwa, sikumwambia, pamoja na chupa zangu za juisi ya pasheni na ukwaju. Kipimo chake kilisoma nyuzi 12 nikaona ni baridi nzuri. Niliwaza kwamba ikijaa vitu vyetu, mvinyo utakosa pahala na ugomvi utakwisha wenyewe. Lakini juisi hazimalizi siku mbili, zinatoa povu, wateja wameanza kulalamika. Mchana kipimo kinapanda mpaka 17, hata 18. Na inavuma usiku na mchana, haipumziki, Tukuza, umeme wa kulipia kabla ninaonunua, haifiki mwisho wa wiki.

Nifanyeje? Nimwambie airudishe, apoteze nafasi ambayo kaihangaikia maisha yake yote? Niache mvinyo uingie kwenye nyumba ambayo watoto wanasoma Kurani? Au niifanye yangu? Na hii friji iliyotengenezwa kwa ajili ya mvinyo inafaa kweli kwa vitu vyengine?

Mama wa Fuoni

JIBU

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Naanza na dawa ya mavyaa wako, mengine yote yatasubiri. Itoe insulini humo leo. Insulini ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Kumi na mbili kwake ni joto, na 18 ni joto zaidi. Usitaharuki, haijawa sumu. Chupa iliyokwisha kuanzwa huvumilia kukaa nje ya friji, kwa aina nyingi kama wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kama karatasi yake inavyoeleza. Lakini zile ulizokuwa unazitegemea zikae mpaka tarehe iliyopigwa kwenye boksi, hesabu hiyo imeshavunjika. Kumbuka siku uliyozitia humo, ziandike, kisha uwapelekee kliniki ya kisukari anakohudhuria, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja au kwengine, wakwambie zitumike mpaka lini na zipi ziachwe.

Wala usizirudishe nyuma ya friji ya jikoni, kwa kuwa umeniambia inagandisha. Insulini ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka ikaonekana safi kama maji. Tia kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko, weka rafu ya kati kuelekea mbele, na tafuta kipimajoto kidogo cha friji kikae pembeni yake. Ukiona hakitulii kati ya 2 na 8, mwombe jirani mwenye friji nzima. Sisi tuliokuwa Unguja wakati wa giza la Mei 2008, na lile jengine la kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme wa baharini kutoka Bara ulipoharibika, tunajua watu waliolinda dawa ya kuanzwa kwa mtungi wa udongo wenye maji, uliowekwa kivulini penye upepo. Mtungi hauwezi kufikia nyuzi 8, tena hewa yetu ikiwa nzito ya unyevu unapoza kidogo tu. Kwa chupa moja inayotumika sasa unasaidia. Akiba ya miezi hauiwezi.

Sasa nikujibu kuhusu hicho chombo chenyewe, kwa sababu naona umekitwika mzigo ambao hakikuumbwa kuubeba.

Friji ya mvinyo imetengenezwa isiwe baridi sana. Nyingi zinakwenda kati ya nyuzi 5 na 18. Mvinyo wa kuhifadhi muda mrefu unataka kama 12 au 13, bila kupanda na kushuka, bila mwanga mkali, bila mtikisiko, na chupa za kizibo cha gome hulazwa ili kizibo kisikauke kikapitisha hewa. Wakati wa kunywa, mweupe hutolewa na nyuzi 8 mpaka 12 hivi, mwekundu 16 mpaka 18. Hayo ndiyo mambo anayotakiwa mumeo ayajue, na ndiyo maana anaipenda mashine hiyo. Kwa maziwa, samaki, nyama, wali uliobaki au juisi iliyokamuliwa, nyuzi 12 ni hatari. Vitu hivyo vinataka 4 au 5. Juisi yako ya pasheni ina sukari na ina vijidudu vya hamira vinavyokuja na tunda lenyewe. Ukiiweka kwenye nyuzi 15 mpaka 18 unavipa joto la kufanyia kazi, na lile povu ndiyo kazi yao: juisi inachacha. Nakwambia hili bila kukutisha, lakini juisi ikichacha inaanza kuwa na ulevi wake yenyewe, na wewe unawauzia watu. Acha kuuza iliyotoka humo.

Kwa nini inapanda mpaka 18? Mwambie mwanao asome kibao kilicho nyuma ya friji. Zipo friji za mvinyo zenye kompresa, kama friji ya kawaida. Zipo na zisizokuwa nayo, zinazopoza kwa kibamba kinachopitishwa umeme, upande mmoja kinapoa na upande wa pili kinapata moto, halafu feni inautoa moto huo nje. Hizi za pili hazina kelele za kompresa wala hazitikisiki, feni tu ndiyo inayovuma, nazo zinapendwa katika nchi za baridi. Kwetu zinahangaika, kwa sababu zinaweza kushusha joto kiasi fulani tu chini ya joto la chumba. Sebule ikifika nyuzi 32 kaskazi ikishika, mchana wa saa nane chini ya mabati, friji kama hiyo haiwezi kufika 12 hata ikivuma mpaka asubuhi. Uvumaji wake usiokatika unanifanya nidhani yenu ni ya namna hiyo. Ikiwa inakula wati 70 bila kupumzika, kwa usiku na mchana ni karibu uniti 1.7. Tukuza yako inakwendea humo.

Ikiwa ni ya kompresa, itazame ilipowekwa. Ikiwa imesukumizwa mpaka ukutani, au imetiwa kati ya kabati na sofa, moto wake hauna pa kutokea. Ipe nafasi ya vidole vinne au vitano nyuma na ubavuni, iondoe penye jua la dirishani, kisha usubiri siku nzima uone kipimo kinasema nini. Kwenye kibao hicho hicho huandikwa herufi inayoonesha hali ya hewa iliyokusudiwa. N ni ya vyumba visivyozidi nyuzi 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Kwetu mtu atafute T, au isipopatikana, ST. Na aangalie kwamba umeme wake ni volti 220 mpaka 240, kwa sababu mtumba mwengine unatoka nchi za volti 110, na huo ukiuchomeka kwenye ukuta wetu unaungua.

Unaniuliza kama unaweza kuifanya yako. Kwa baadhi ya vitu, ndiyo, ikiwa itakubali kutulia kwenye 12 au 13. Embe, ndizi, papai na nyanya haziipendi friji ya jikoni. Kwenye nyuzi 4 huingia weusi, hupoteza ladha, nyanya hulegea. Kwenye 12 hivi hukaa vizuri siku nyingi zaidi. Hata pasheni zako kabla hujazikamua zitakushukuru. Kwa hiyo kwa mama wa juisi kifaa hicho kingeweza kuwa ghala la matunda, juisi yenyewe ikakaa kwenye friji ya kweli. Bado lakini hujapata friza uliyoikusudia, na hapo ndipo moyo wako ulipo, ingawa katika barua umelipitisha kwa mistari michache.

Zile laki sita zilikuwa amana. Ulimpa akutunzie, hukumpa atumie. Nimeona umeandika kwamba amesema atarejesha, na naamini anakusudia hivyo. Ila hujaandika kama ulimwambia kwamba imekuuma. Je, ulimwambia? Ninavyokusoma, ulikaa kimya, kisha ukaijaza friji chupa za juisi ili isiwe na nafasi. Nakuelewa. Mwanamke anayeishi na mavyaa na mume wa siku moja kwa wiki anajifunza kusema kwa vitendo. Lakini yeye akija akakuta juisi kwenye rafu za chupa zake, atasoma nini? Pengine atasoma kwamba unamsaidia kuificha mbele ya mama yake. Pengine atasoma kwamba unampinga. Huwezi kujua, na yeye hawezi.

Nataka pia tulitazame lile neno "vinywaji". Mavyaa wako aliuliza swali la wazi akapewa jibu la kumzunguka, kisha akaupata ukweli kwa mjukuu wake. Mimi sijui kama kinachomfanya azungukie uani ni friji peke yake. Friji haina kitu cha haramu ndani, na yeye ni mwanachuoni wa mtaa wake, si mtu wa kukosa kulijua hilo. Inawezekana kinachomuuma ni kwamba mwanawe hakuweza kumwambia kazi yake ni ipi. Inawezekana pia ni kile anachokisema tu, kwamba anaogopa laana isiingie nyumbani, na hofu hiyo ni ya kweli, inastahili heshima yake yote. Mtu wa kumuuliza ni mwanawe, naye aende kwake peke yake, bila wewe kuwa mfikishaji wa maneno.

Na wewe una jambo la kumwambia. Dawa yake imelala kwenye chombo anachokikimbia, na hajui. Ukimwambia mwenyewe, kwa upole, kwamba ulitafuta pahala pa baridi ukakosea joto lakini umeshaihamisha, ataweza kukusikiliza. Akija kuambiwa na mtoto, kama lile la waini, itakuwa mara ya pili ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Kuhusu hukumu ya dini, mimi si shekhe na sitojifanya. Nitakuomba tu msiyachanganye maswali. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya mvinyo lakini kina maembe ndani, hilo ni swali moja. Chupa za mvinyo kukaa nyumbani kwa Muislamu asiyekunywa, hilo ni jengine, zito zaidi. Kazi ya kuupeleka mezani kwa mgeni, ambayo imelipa ada za skuli na dawa ya mama miaka yote hii, ni jengine tena, na hilo mumeo amekuwa akilibeba peke yake. Mpelekeeni mwanachuoni mnayemwamini, wa msikiti wenu au Ofisi ya Mufti, na mwende na maelezo kamili. Jibu la swali lililokatwa nusu halitamtuliza mtu.

Turudi kwa mumeo. Umeandika kana kwamba bila friji nyumbani, nafasi ya kazi inapotea. Ni yeye aliyesema hivyo, au ni wewe uliyeunganisha? Kwa ninavyoijua kazi hiyo, sehemu kubwa yake ni kusoma: majina ya zabibu, nchi na mikoa, Ufaransa, Italia, Stellenbosch ya Afrika Kusini, lebo inasema nini, mwaka una maana gani. Daftari linatosha, halihitaji baridi. Kufungua chupa, kumimina, kupanga kwa joto, hayo hujifunza kwa mkono, na chupa ziko hotelini. Wanaolipia mafunzo yake wanaweza kuombwa pembe ndogo ya stoo na saa moja ya kufanyia mazoezi. Je, ameshaomba? Kama ameomba wakamkatalia, hilo ni jambo la kulijua kabla ya kuamua lolote.

Lipo jengine ambalo barua yako haikuligusa, nami naliuliza taratibu. Mafunzo ya msimamizi wa mvinyo kwa kawaida yana kuonja. Wengi huonja wakatema, lakini kinywani umeshaingia. Mumeo hanywi. Amekwambia atafanyaje siku hiyo ikifika? Ameshalizungumza na wakubwa wake? Wapo watu wanaofanya kazi ya meza kwa kunusa na kwa kusoma, wakamwachia mwenzao kuonja, lakini ni jambo la kukubaliana mapema. Nahisi kwamba mtu anayeleta friji nyumbani bila ya kueleza huenda ana mzigo huu moyoni na hana wa kumtua. Nikiwa nakosea, utaniambia.

Zipo njia kadhaa mbele yenu, na kila moja ina gharama yake.

Mkiiuza friji, pesa ikarudi kwenye friza yako, nyumba itapumua upesi. Lakini mtumba ukiuzwa tena haurudishi laki sita, na mumeo anaweza kuona ndoto yake imekatwa na wanawake wawili aliowakuta wamekubaliana. Akiihamishia kwenye chumba chake cha wafanyakazi huko hotelini, mama yake atabaki, naye atapata anachokitaka, ila atazidi kuishi maisha mawili, ya huku na ya kule, na wewe umeshachoka kutojua ya kule. Ikibaki nyumbani kwa matunda tu, kwa ahadi ya wazi kwamba chupa haziingii, huenda mavyaa akairidhia au asiiridhie, hilo ni lake kulisema. Mkumbuke basi kubandua ile karatasi ya ubavuni, tena akiwa anaona.

Kuiweka na mvinyo kwenye banda la uani, kama mumeo atapendekeza, kunanitia wasiwasi kuliko zote. Banda la mabati saa nane mchana ni joto ambalo friji ya mvinyo haiwezi kulishinda, na mvinyo uliokaa juu ya nyuzi 30 unaharibika, kwa hiyo hata hicho anachokitafuta hatakipata. Watoto wa mtaa wako barazani kila jioni. Na lile la kuwawekea mvinyo wenye nyumba za watalii ni jambo jengine kabisa, si sawa na lile la chupa za kujifunzia. Biashara ya vileo Zanzibar ina vibali vyake, na mtu atakayekutwa na chupa nyingi nyumbani Fuoni, anazipeleka kwa wageni kwa malipo, atapata tabu kueleza kwamba ni za kusomea. Aulize sheria kabla hajapokea chupa ya mtu. Hapa nina maoni, mwanangu, na sitayaficha: ningelikuwa mimi, mpango huo nisingeukubali mpaka nione karatasi ya kibali.

Siku atakayokuja, mwache alale kwanza. Usianze na mama yake wala usianze na dini, kwa sababu hapo atakuwa anajitetea tangu neno la kwanza. Anza na kazi yake. Mwambie akueleze mvinyo mweupe na mwekundu unatofautiana vipi, kwa nini chupa inalazwa, nani aliyemfundisha. Msikilize kama mtu anayetaka kujua mumewe anashinda wapi siku sita. Hujawahi kumuuliza, na yeye hajawahi kuulizwa na mtu wa nyumbani kwake. Akishamaliza, ndipo umwambie juu ya upatu, kwa jina lake: zile zilikuwa zangu, nilikuwa na mpango nazo, zitarudi lini? Mpate mwezi na kiasi, muandike hata kama ni kwenye simu. Mambo ya friji ikae wapi yaje baada ya hapo.

Na pesa zikirudi, ukienda kununua friza, usinunue kwa kuisikia inavuma dukani. Mwombe muuzaji aiwashe tangu jana yake, weka ndani kikombe cha maji, ukienda ukute barafu imeshikana mpaka katikati. Tazama ukanda wa mpira wa mlango: bana noti ndani yake uivute, ikitoka bila kushikwa, baridi nayo itatoka hivyo hivyo. Angalia chini na nyuma kama chumvi ya bahari imeshakula bati. Ikifika nyumbani isimame wima masaa kadhaa, kama ililazwa njiani basi mpaka kesho yake, ndipo uichomeke, tena kupitia kile kifaa cha kuilinda umeme ukicheza, maana umeme ukikatika na kurudi ghafla ndiyo unaoua kompresa nyingi hapa kwetu.

Niandikie tena ukishapita kliniki, unambie wamesema nini kuhusu zile chupa za insulini. Na kibao cha nyuma ya friji, mwanao akishakisoma, niandikie herufi aliyoiona.